Siku ya Tatu ya Mwezi wa A-po

Kosa la kwanza kubwa katika maisha yangu lina harufu ya tope. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikaandika tarehe isiyo sahihi kwenye karatasi ya serikali, kwa mwandiko mzuri kuliko wowote niliowahi kuuandika, na kwa ajili ya tarehe ile bibi mmoja mwenye bwawa la samaki kusini kabisa mwa Guangzhou alikaribia kunyang'anywa bwawa lake. Tope ninalolisema ni lile la pwani, linalofunuka maji yakitoka: chumvi, majani yaliyooza, yai viza kwa mbali, na chini ya yote hayo utamu fulani ambao sijawahi kuupatia jina. Hata leo, nikiwa bandarini Huangpu nasubiri kontena la mteja lipakiwe, upepo ukivuma kutoka mtoni wakati maji yamekupwa, narudi kwenye orodha ya mizigo ambayo nimeshaisoma mara tatu, nakaa juu ya kreti, naisoma ya nne.

Sisi ni watu wa Pemba. Baba alikuwa wakala wa kusafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa nyumbani, na muda wake mwingi uliishia njiani kati ya Guangzhou na Dar es Salaam. Mama alibaki na mimi katika vyumba viwili vya ghorofa ya nne, kichochoro cha nyuma ya bandari, akiwapikia Watanzania waliokuwa wakishinda kwenye maduka ya nguo ya Zhanqian na Shahe na kurudi jioni wamechoka kubishana na kila laoban mwenye duka. Walikuja kwetu kula wali wa nazi na mchuzi wa samaki, wakavua viatu, wakalalamika kwa raha kwa Kiswahili. Majira yale ya baridi mimi sikuwa shuleni. Vibali vyetu vilikuwa havijakamilika, na shule iliyokuwa tayari kunipokea bila vibali ilikuwa ghali mno. Kwa hiyo nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi ya Kiingereza iliyokosa jalada, atlasi, na daftari ambazo Baba aliniletea kwa dazeni. Herufi moja ikipinda, nilichana ukurasa mzima nikaanza upya. Kuna siku nilichana kurasa kumi na moja kwa ajili ya sentensi moja. Wateja wa Mama walinitania. "Karani mkuu yuko kazini," walisema wakipita kwa kunyata, "msimkoholee, mstari utapinda." Mimi niliona wananisifu.

Samaki wa Mama walitoka kwa A-po. Neno hilo maana yake ni bibi tu, na kila mtoto wa pale humwita hivyo mwanamke mzee yeyote, lakini kwangu mimi A-po alikuwa mmoja. Alizaliwa ndani ya mashua, katika ukoo wa watu wa mtoni ambao zamani walilala, walipika na kuoleana majini, kisha wakahamia ukingoni na kuchimba mabwawa mahali ambapo mto unakutana na bahari. Alifuga mkizi. Mama alipomgundua mkizi wa bwawani kwake, mnene na mwenye mafuta, alifurahi kama aliyekutana na jirani wa kwao, na tangu siku hiyo mara mbili kwa juma tulikwenda mwendo mrefu hadi kule na kurudi na ndoo. A-po aliniita sailou, yaani kitoto, kwa sauti ya kukaripia iliyokuwa sauti yake ya kawaida. Hakujua kusoma wala kuandika. Alijua siku za mwezi. Alijua pia kwa nyayo zake tope lililo tayari na lisilo tayari, jambo ambalo nililiona wakati ule kuwa si elimu hasa, kwa kuwa halikuwa limeandikwa popote.

Kila majira ya baridi, baada ya kuvua, A-po hakujaza bwawa tena mara moja. Alingoja siku ambayo bahari inatoka mbali kuliko zote, akafungua lango la maji, akaliacha bwawa lichuruzike mpaka tope libaki wazi kwa siku saba au nane. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha. Ndipo ndege walipoteremka, wadogo, wa kijivu, wenye midomo mirefu iliyopinda kidogo nchani, mamia kwa mamia, wakichoma tope kama cherehani. Walikula minyoo, wakaligeuzageuza tope, wakaacha kinyesi, na A-po alishikilia kwamba mabwawa yasiyolishwa na ndege hutoa samaki wembamba. Mama alipowaona mara ya kwanza aliweka ndoo chini. "Hawa si vitwitwi hawa? Vitwitwi wa kwetu wamefuata nini huku?" A-po, kwa Kikantoni chake cha mtoni ambacho Mama alikielewa nusu, alisema hawafuati kitu, hapa ndipo kwao. Wote wawili walikosea kidogo. Kwao hasa ni Aktiki. Huzaliwa kwenye nyasi za barafu za kaskazini mwa Alaska, jua likiwa halizami, kisha huvuka bahari kwa mbawa zisizozidi upana wa mikono yangu miwili ya wakati ule.

Hilo tuliambiwa na Bwana Luo. Alikuwa afisa kijana wa ofisi ya kuhifadhi ardhi ya tope na mikoko, mzaliwa wa mkoa wa mbali na bahari, mwenye miwani iliyojaa matone ya chumvi. Ofisi yake ilikusudia kuyachukua mabwawa yote ya ukanda ule, iwalipe wenyewe waondoke, na iwatunzie ndege kwa pampu na wahandisi. Luo hakukubaliana. Alikuwa amepelekwa mkutanoni huko kaskazini ya mbali, akaona jambo ambalo hakuacha kulisimulia: kwamba wawindaji wenyeji, watu ambao babu zao wameishi na nyangumi, dubu weupe na mabata bukini tangu zamani isiyo na hesabu, hukaa kwenye kamati moja na wataalamu wa serikali, na kwamba hakuna uamuzi kuhusu wanyama hao unaopita bila wao. Aliporudi alimbembeleza mkurugenzi wake ajaribu kitu kama hicho kwa bwawa moja, kwa msimu mmoja. Likachaguliwa la A-po. Masharti yalikuwa mafupi. A-po atachagua siku ya kutoa maji. Ofisi, ambayo ndiyo yenye lango kubwa la mfereji, italifungua siku hiyo. Ndege wakiteremka, A-po atabaki na bwawa lake na atapewa kiti katika kamati. Wasipoteremka, bwawa litachukuliwa kabla ya mwaka mpya wa Kichina, na mengine yatafuata. Na kwa kuwa ofisi ni ofisi, siku hiyo lazima iwe kwenye fomu, na upande utakaofungua maji nje ya tarehe ya fomu utakuwa umevunja makubaliano.

Luo alijaza kila kitu, A-po akabonyeza dole gumba lenye wino mwekundu, na ukabaki mstari mmoja mtupu wa tarehe, kwa sababu A-po alikataa kuitaja siku kabla hajalikanyaga tope. Alilikanyaga siku tuliyokwenda kuchukua samaki. Akatoka, akakung'uta miguu, akasema, "Siku ya tatu ya mwezi ujao." Luo hakuwepo. Mimi nilikuwepo, na nilisema haraka kabla mtu mwingine hajasema, "Nitaiandika mimi." Nilikuwa nimeitamani karatasi ile tangu nilipoiona. Ilikuwa nyeupe, nzito, yenye muhuri, na mstari mmoja tu uliobaki ukiniita. Niliipeleka nyumbani nikaiweka kati ya kurasa za atlasi isikunjike. Ukutani kwetu kulikuwa na kalenda ambayo Mama aliileta kutoka Unguja, yenye tarehe za kizungu kwa herufi kubwa na siku za mwezi wa Kiislamu kwa herufi ndogo pembeni. Niliitafuta siku ya tatu ya mwezi unaofuata, nikatazama tarehe iliyo juu yake, nikaifanyia mazoezi mara ishirini kwenye daftari, kisha nikaiandika. Sikumuuliza mtu. Mwezi ni mmoja angani, niliwaza, kwa hiyo siku yake ya tatu ni moja. Luo aliipitia fomu kwetu kesho yake akaniambia kwamba karani wa ofisini kwake haandiki vizuri hivyo. Niliishi juu ya sentensi hiyo juma zima.

Siku ya tatu ya A-po ilikuwa pia siku yetu ya samaki. Tulimkuta amesimama langoni mwake na buti za mpira, peke yake, tangu alfajiri. Ofisi haikuja. Alikuwa ameshapiga simu, akajibiwa kwamba tarehe ya kwenye karatasi bado, ni keshokutwa, na kwamba akifungua leo atakuwa amevunja makubaliano. Mama alikwenda bandani kuchagua samaki. A-po akanigeukia.

"Sailou. Uliandika siku ya tatu?"

"Ndiyo, A-po. Ya tatu."

"Una hakika?"

"Nimehakikisha."

Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilijificha ndani ya ukweli. Kwa sababu asubuhi ile, nikivaa soksi, niliitazama kalenda ya ukutani kama nilivyoitazama kila asubuhi, nayo ilisema leo ni mwezi mosi. Mosi, na A-po anasema tatu. Nilielewa papo hapo kwamba zipo hesabu mbili, na kwamba mimi nimechukua siku kutoka moja nikaipeleka kwenye nyingine. Kulikuwa bado na muda. Luo angeweza kupigiwa simu, watu wa lango wangefika kabla ya adhuhuri. Lakini karatasi ilikuwa imeshapigwa muhuri wa pili, safi, bila mkwaruzo, yenye mwandiko wangu. Nilifikiri kwamba labda siku mbili si kitu. Nilifikiri kwamba labda A-po ndiye aliyepoteza hesabu, mzee yule. Akageuza beseni, akalikalia, akawa anatazama maji ya nje ya lango kubwa yakishuka. Yalishuka mpaka mawe ya sakafu ya mfereji yakaonekana, na makombe yaliyoshikana nayo. Kisha ukapita muda ambao hakuna kilichosogea. "Yamegeuka," alisema A-po, akainuka kwenda kumpimia Mama samaki.

Siku mbili baadaye walikuja wote. Alikuja Luo, na mkurugenzi wake aliyevaa viatu vya ngozi, na mgeni kutoka kaskazini, mwanamke wa makamo wa Kiinupiat, kabila la wenyeji wa Alaska, aliyeitwa Ruth, mjumbe wa kamati ya kwao, ambaye Luo alimwalika aje aone ndege wa kijijini kwake wanapotumia majira ya baridi. Mimi nilimsumbua Mama mpaka akanipeleka, ingawa haikuwa siku ya samaki. Nilisema nataka kuona ndege. Lango kubwa likafunguliwa kwa sherehe ndogo. A-po akafungua la kwake bila sherehe. Maji yakatoka, yakatoka, na yakasimama kwenye kimo cha shavu la mguu wa mtu mzima. Bahari haikwenda mbali siku ile. Ilikuwa imeshaanza kuchoka. Vitwitwi walikuja kutoka upande wa mikoko, kundi moja kubwa lililogeuka kwa pamoja kama nguo inayokung'utwa, likapita juu ya bwawa mara mbili. Wachache walijaribu kutua, wakalowa matumbo, wakaruka tena. Kisha wote wakaenda zao ng'ambo, na zile darubini zilizopangwa ukingoni zikabaki zikitazama maji.

Waliingia kwenye banda la A-po kuzungumza. Mimi na Mama tulisimama mlangoni, kando ya mizani. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Alisema njia ya bibi imejaribiwa mbele ya mashahidi na imeshindwa.

"Leo ni siku ya tano," alisema A-po. "Mimi sikusema ya tano."

"Dole gumba hili ni la nani?"

"Langu. Nililibonyeza mstari ukiwa mtupu."

Jirani yake mwenye bwawa la pili, aliyekuja kusikiliza kwa kuwa lake ndilo lingefuata, akacheka kwa uchungu. "Siku nyingine bonyeza mkate, dada. Angalau utaula."

Nilikuwa nimekitafuna kidole mpaka kimetoka damu. Mama akaona. "Una nini wewe?" Nikamwambia yote kwa pumzi moja, kwa Kiswahili, nikitazama mizani.

"Ulihesabu kwa kalenda yetu?" aliuliza Mama.

"Mwezi si mmoja, Mama?"

"Mwezi mmoja! Sisi wenyewe, kichochoro kimoja, watu wa imani moja, tunasali Idi siku mbili mbalimbali kwa ajili ya mwezi, na wewe waniambia mwezi mmoja? Kwetu siku ya kwanza ni ukishaonekana. Hawa wanaanza kuhesabu ungali gizani." Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo ilinitisha zaidi, "Na bamvua, siku maji yanapotoka mbali kuliko zote, ungeniuliza mimi. Nimekua nalo miguuni, naokota chaza. Ningekwambia bila kalenda. Ulimuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu."

"Basi nenda ukaseme."

"Watatufukuza, Mama."

"Anayefukuzwa sasa hivi ni yule pale."

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa hiki, kwa wateja, kwa rafiki zangu, kwa msichana niliyetaka kumwoa, na kila mara nimesema kwamba nilijitokeza mwenyewe nikasema kweli. Si hivyo. Mama alinishika kifundo cha mkono akaniingiza ndani kama anavyoingizwa mbuzi, na hakuniachia mpaka nilipofungua kinywa. Nilisema kwa Kichina changu cha mtaani, nikalia katikati, nikasema tena. "Kumbe sailou ana mwezi wake," alisema A-po, na watu wakacheka, isipokuwa mkurugenzi. Kwake yeye maneno yangu yaliharibu zaidi. Hati ya ofisi imejazwa na mtoto wa mgeni! Basi hakukuwa na makubaliano halali tangu mwanzo, alisema, na la kufanya ni kufunga faili lote, bwawa na kamati na yote. Uso wa Luo uliiva. Nilikuwa nimengoja siku mbili kusema kweli, na kweli hiyo ilipotoka ilimtia A-po shimoni zaidi.

Ruth alikuwa akimvuta Luo mkono amtafsirie. Alipoelewa, hakumjibu mkurugenzi moja kwa moja. Alisimulia habari ya babu yake, taratibu, akimpa Luo nafasi kila baada ya sentensi. Zamani wataalamu walikuja kwao kuhesabu nyangumi. Walikaa kwenye ufa wa barafu wakahesabu waliopita, wakasema wamebaki wachache, uwindaji usimame. Wazee wakasema, hamuoni, wengi wanapita mbali, chini ya barafu, hutoboa kwa vichwa vyao wakapumua. Walichekwa, maana wazee hawakuwa na karatasi. Ikachukua miaka mpaka mtu alipokubali kushusha vinasa sauti majini, na ndipo sauti zikasikika, za nyangumi wengi kuliko waliohesabiwa, wakipita palepale wazee waliposema. "Baadaye tulipewa viti kwenye kamati," alisema. "Lakini miaka ya mwanzo waliendelea kutuletea fomu. Kiti kilikuwa chetu, fomu ilikuwa yao. Tulichelewa kugundua kwamba uamuzi uko kwenye fomu." Kisha akamgeukia A-po, si mkurugenzi. "Maji mazuri yanayofuata ni lini?"

"Kumi na nane," alisema A-po. "Asubuhi."

"Tarehe ngapi hiyo?" aliuliza mkurugenzi.

"Sina tarehe. Nina namba yako ya simu. Nitakupigia siku moja kabla, uje na viatu vingine."

Mkurugenzi alitazama viatu vyake. Nadhani ni mgeni aliyemfanya akubali, aibu ya kukataa mbele yake. Akasema sawa, maji hayo na si mengine, na ndege wasipotua, karatasi za kulichukua bwawa zitasainiwa mchana huohuo.

Sikumbuki nilikula nini katika siku zile kumi na tatu. Niliitoa kalenda ukutani nikaitia chini ya godoro. Mama akaitoa akaitundika tena. "Kalenda haina kosa," alisema, akaendelea kukuna nazi. Siku ilipofika tulikwenda mapema. A-po hakunisalimia. Alinitupia buti zilizonizidi, akanisimamisha bwawani chini ya ukingo, akaniambia nimwambie maji yakiacha goti, yakiacha shavu la mguu, yakiacha kifundo, na nisiseme kingine. Yaliacha goti. Yaliacha shavu la mguu, na hapo nikainama kuyatazama, kwa kuwa ndipo yaliposimama mara ile. Yakaendelea. Niliyasikia yakivutwa kupita katikati ya buti zangu kama yanaitwa na mtu. Nilipopiga kelele kwamba kifundo kiko wazi, harufu ilikuwa imeshapanda, ile harufu, na bwawa lote liling'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta. Sikuwaona ndege wakija. Niliwasikia, mlio mwembamba wa kukwaruza, kisha walikuwa kila mahali, wengine hatua tatu kutoka nilipokwama, wakichoma tope bila kunijali. Ruth alikuwa akilia na kucheka pamoja. Mkurugenzi aliinamia darubini kwa muda mrefu, suruali imelowa tope mpaka magotini. Alipoinuka hakusifu, hakuomba radhi. Alimuuliza A-po, "Tuliache hivi siku ngapi?" Lilikuwa swali la kwanza nililomsikia akimuuliza bila kuwa na karatasi mkononi, na A-po alilijibu bila kugeuka: "Mpaka nikwambie."

Bwawa halikuchukuliwa. Kamati ilikaa mara ya kwanza kabla ya mwaka mpya, ndani ya banda lilelile, na fomu ya Luo ikaandikwa upya: mahali pa tarehe pakawekwa kwamba siku hutajwa na mwenye bwawa. Mimi A-po hakunipa karatasi tena. Nilimwomba mara moja, nikamwahidi kuwa mwangalifu, akasema, "Uangalifu unao mwingi. Pumzika." Vibali vyetu vilipotoka nikaingia shule, safari za samaki zikapungua, na aibu ikanifanya nizikwepe zilizobaki.

Sasa nina miaka ishirini na sita na ninafanya kazi iliyokuwa ya Baba. A-po yu hai, haoni vizuri, na kiti chake kwenye kamati anakikalia mkwe wake, mwanamke mkali mwenye jedwali la maji ya bahari kwenye simu, ambaye hata hivyo hulikanyaga tope kabla ya kulisadiki jedwali. Ng'ambo kuna barabara ya juu na taa zisizozimwa. Kuna njia ya mbao ambako watalii hupiga picha za ndege bila kujua kwamba mtu aliwafungulia maji. Luo amehamishwa. Ndege nawaona wachache kuliko nilivyowakumbuka, lakini sizitegemei kumbukumbu zangu kwa hesabu, na wanakamati wenyewe wanabishana kuhusu hilo kila mwaka. Kila majira ya baridi nasoma kwa kamusi habari za kamati za kaskazini, wapi wawindaji wanasikilizwa na wapi wamepewa kiti tu, na nasoma kwa wasiwasi wa mtu anayesubiri matokeo yake mwenyewe. Bado nachana kurasa. Makala hii nimeiandika mara tisa. Sidhani nitapona ugonjwa huo, na nimechoka kujifanya kwamba umenifaa.

Kilichobadilika ni kidogo na naweza kukitaja. Mteja akiniuliza jambo la forodha nisilolijua, namwambia sijui, siku hiyohiyo, hata kama itamuudhi na hata kama nimeshapiga muhuri. Kisha namuuliza Mama, au mtu mwingine anayejua, kabla ya kufungua kitabu.